Usisukume Hiyo Dinga Bado

Tarehe 25 Machi 2020 Kenya ilifungia nje ndege za abiria kutoka majuu, na ndai kibao za utalii Diani zikalala fofofo. Mavan za paa la kufunguka na Suzuki SJ410 za kukodishia wageni zikapigwa turubai chini ya mkilifi. Anga ikafunguliwa Agosti 1, lakini si kila mkweche uliamka. Zingine ziko Ukunda nyuma ya nyumba hadi leo, kuku anataga kwa siti ya dere. Ndio unaskia mzae anamshow kijana wake: "Ukiiwasha, ni yako."

Hapo ndio mbogi huingianga box. Wasee sita nyuma, mmoja kwa usukani, gia ya pili, "sukuma, sukumaaa!" mpaka lami ya Lunga Lunga. Mimi hiyo stori siibuy. Silinda zimekauka, ringi zimeshikwa na kutu, tenki limejaa uchafu, alafu unalazimisha injini izunguke na nguvu ya magurudumu? Taimingi belti ya zamani ikikatika hapo, utaongeleshwa lugha ya mangiri.

Dinga ikilala Nanyuki, kutu huja mdogo mdogo. Ikilala Diani, chumvi ya bahari inaingia mpaka ndani ya nati. Kwa hivyo anza na betri, lakini usikimbie dukani. Ukiona unga wa kijani kwa vichwa vyake, mwagia maji moto yenye magadi kidogo, sugua. Weka mita: 12.6 imeshiba, ikisoma chini ya 12 na imekaa hivyo miaka, hiyo zika tu. Sasa cheki maajabu: msee ananunua betri mpya, anapiga ufunguo, ndai inasema "tik" moja, kimya. Analaumu stata, kumbe mara nyingi ni ule waya wa athi, unaotoka betri kwenda kwa bodi. Unauona mzima, ukifungua nati unakuta kutu imekula pale chuma inagusana na chuma. Piga msasa mpaka ing'are, paka grisi, funga. Kazi ya dakika chache, na haikuli hata soo.

Kabla ya stata, toa plagi zote. Tone la oili kila shimo, acha ilale usiku, alafu zungusha krenki na spana, kwa mkono, pole pole. Ikizunguka laini, una injini. Ikigoma, usiitishe bomba refu la kuongeza nguvu. Ongeza oili na subira.

Petroli nayo haikaangi milele: kama mnazi wa jana, ina mwisho. Ikipita miezi kadhaa inachacha, inanuka rangi ya mbao, inaacha gundi kwa jeti za kabureta. Chota kidogo kutoka chini ya tenki, tia kwa chupa ya soda isiyo na rangi, weka kwa jua. Ukiona tabaka mbili, ile ya chini ni maji: unyevu umekuwa ukijitengenezea kisima humo ndani. Mwaga yote, usichanganye na mpya eti unaokoa doo. Fungua kabureta, puliza jeti, badilisha filta.

Moto sasa. Shika plagi kwa playa yenye mpira, iguse injini, mtu azungushe stata. Cheche ikiwa ya buluu, poa. Ikikosa, fungua distributa: pointi za hizi gari za zamani hushika ukungu huku pwani. Msasa laini, gepu karibu milimita 0.4, rudisha. Na ufuate nyaya moja moja na macho, juu panya wa Msambweni hawana heshima.

Ikiwaka, usijishaue bado. Brek shuu hushikana na ngoma, na mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani, kwa hivyo yamwage yote uweke mapya. Safari ya kwanza nenda Gazi urudi, barabara haina presha. Likoni ngoja. Ndai ikikuzimikia kwa mteremko wa feri, nyuma kuna malori na mbele kuna watu wamebeba mizigo kichwani, hao hawatakuuliza kama ni pointi ama ni athi.