Jua lililo sakafuni

Ingia mchana kwenye nyumba yenye bati lililotoboka, pale msumari ulipong'oka. Mwale wa mwanga unashuka na kuchora kiduara sakafuni. Hata tundu liwe na pembe, kiduara hubaki mviringo, maana kile si umbo la tundu, ni picha ya Jua lenyewe. Septemba 1, 2016, Mwezi ulipoziba katikati ya Jua kule Rujewa, mkoani Mbeya, viduara vya namna hiyo viligeuka pete.

Sasa chukua rula. Saa sita, Jua likiwa utosini na bati likiwa mita 3 juu ya sakafu, kiduara kitakuwa na upana wa sentimita 2.8 hivi. Gawanya 300 kwa 2.8, utapata kama 107. Jua liko umbali wa kilomita milioni 150. Gawanya nazo kwa 107, upate kilomita milioni 1.4. Umepima upana wa Jua kwa rula ya shuleni! Dunia zetu 109 zingeweza kupangwa humo mstari mmoja.

Upana wote huo ni gesi ya moto, hakuna pa kukanyaga. Zamani wataalamu waliamini kwamba Jua limeundwa kwa vitu vilevile vilivyomo ardhini, kwa viwango vinavyokaribiana. Mwaka 1925 Cecilia Payne, msichana wa miaka 25, alichambua mwanga wa nyota akaona haidrojeni imezidi kila kitu. Wakubwa wake hawakukubali. Yeye ndiye aliyekuwa sahihi.

Haidrojeni hiyo ndiyo kuni. Katika kiini, joto hufikia nyuzi milioni 15 za Selsiasi, na kila sekunde tani zipatazo milioni 600 za haidrojeni huungana kuwa heli. Tani kama milioni 4 hupotea njiani: zimegeuka nishati. Nishati hiyo hujipenyeza polepole kwa maelfu mengi ya miaka. Karibu na juu, gesi hutokota kama uji mzito, ila kila povu lina upana wa kama kilomita 1,000, karibu sawa na kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma kwa mstari ulionyooka. Mwanga ukishatoka, hutufikia kwa dakika 8 na sekunde 20 tu.

Uso tunaouona una nyuzi 5,500 hivi. Penye nguvu kubwa ya sumaku, joto huzuiwa kupanda na doa jeusi hutokea. Madoa hayo huongezeka na kupungua kwa mzunguko wa miaka 11 hivi. Mwaka 1859 mlipuko uliotokea penye madoa ulivuruga mitambo ya simu za maandishi Ulaya na Marekani.

Linalonishangaza zaidi ni korona, utando wa gesi unaolizunguka Jua. Ukiondoka jikoni, joto hupungua, lakini korona iliyo mbali na moto ina zaidi ya nyuzi milioni moja! Chombo cha anga kiitwacho Parker kililikaribia Jua hadi kilomita milioni 6.1 mnamo Desemba 24, 2024, kikitafuta sababu.

Agosti 2, 2027 Jua litapatwa tena. Misri, Yemen na Somalia zimo kwenye njia ya kivuli kizima, nasi Kenya na Tanzania tutaliona limemegwa. Wanafunzi, msilitazame kwa macho matupu, wala kwa miwani ya kawaida ya jua. Toboeni karatasi kwa sindano, geuzeni mgongo, mlitazame sakafuni.