Mtoto wa Airport na Bahari: Saa ya Maji Kabla ya Ndoana (Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza ya makala haya iliishia kwenye manati. Tulieleza kwamba kijana wa Magongo au Chaani, Mombasa, anayedungua tetere kando ya ua wa uwanja wa ndege anajifunza kazi isiyo na mbele. Kenya ilipiga marufuku uwindaji Mei 1977, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 haimsamehi hata anayewinda kwa ajili ya kitoweo. Ng'ambo ya mpaka mambo ni mengine. Kando ya Ziwa Eyasi, Tanzania, mvulana wa Kihadzabe hupewa kiupinde chake akiwa na miaka mitatu hivi, akaanza na panya na ndege wadogo huku wakubwa wakimwangalia kwa mbali. Huku kwetu shule ya namna hiyo ilifungwa. Waata, waliokuwa wakiwinda tembo kwa pinde ndefu kutoka nyuma ya Malindi mpaka Tsavo, waliipoteza katika msako wa 1956 na 1957, wawindaji wao wengi walipotiwa jela, na hakuna serikali iliyofuata iliyoona haja ya kuirudisha. Sina neno na marufuku hiyo ya uwindaji. Nasema tu kwamba mtoto wa Kenya anayetaka kujifunza kujipatia riziki nje ya nyumba, kwa mikono na macho yake, amebakiwa na maji.

Na maji hayako mbali. Wadi ya Airport ni mojawapo ya wadi tano za eneobunge la Changamwe, na uwanja wenyewe umekaa juu ya kilima, mita 61 kutoka usawa wa bahari. Ukiteremka upande wa kusini unafika mkono wa bahari wa Port Reitz, uliopewa jina la Luteni John James Reitz, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza aliyewekwa Mombasa 1824 na kufa mwaka huohuo. Kabla yake na baada yake pwani hiyo ilikuwa ya Wachangamwe, mmoja wa miji mitatu ya Waswahili wa Mombasa iitwayo Thelatha Taifa, na mtoto wao hakuhitaji makala ya gazeti ili afundishwe uvuvi. Alikuwa na ami, alikuwa na babu, na kazi yake ya kwanza chomboni ilikuwa kufua maji kwa kopo huku wakubwa wakitega.

Leo watoto wengi wa wadi hii ni wa wafanyakazi wa bandari, wa viwandani, wa malori na wa uwanja wenyewe. Wazazi wao walizaliwa Taita, Ukambani, Nyanza, Magharibi. Ami mvuvi hayupo. Hapa kuna jambo ambalo sijaliona likisemwa: mzazi aliye hatarini kuliko wote pengine si yule asiyejua uvuvi kabisa, ni yule anayeujua. Mtu aliyekulia kando ya ziwa, Homa Bay au Mbita, anajua nyavu, anajua mshipi, anajua kumshika samaki mwenye miba asimchome. Lakini ziwa halijai na kupwa mara mbili kwa siku. Anateremka Port Reitz na mwanawe akiwa na imani ya mtu mwenye ujuzi, na ujuzi wenyewe una tundu mahali pabaya.

Kumfundisha mtoto kuvua ni jepesi kuliko tunavyodhani. Mwaka 2002 watafiti wawili, Rebecca Bliege Bird na Douglas Bird, walichapisha kazi yao juu ya watoto wa kisiwa cha Mer, katika mlango wa bahari wa Torres, Australia, ambako watoto huvua kwa mshipi na kwa mkuki na huokota kombe miambani. Wengi wangetarajia kwamba kuvua, kwa kuwa kunataka akili na uzoefu, ndiko kungewachelewesha, na kwamba kuokota kombe wangekumudu upesi. Ikawa kinyume. Katika kuvua walifikia kiwango cha watu wazima mapema. Katika kuokota kombe walibaki nyuma. Sababu waliyoiona watafiti ni mwili: miguu mifupi na nguvu haba.

Tukiuleta uchunguzi huo Port Reitz, maana yake ni kwamba mtoto wa miaka minane anaweza kujua mshipi ndani ya likizo moja. Asichoweza ni kuirefusha miguu yake. Kazi ya mtu mzima anayefuatana naye, basi, ni kumtunzia saa ya maji. Ndoana atajifunza, hata kwa kuwaangalia wenzake.

Maji ya Mombasa hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kama dakika 50 kuliko jana yake. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huja bamvua: maji hujaa sana na hupwa sana, na tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Mwezi ukiwa nusu huwa maji mafu, hayaendi mbali wala hayarudi mbali. Mtoto wa madrasa anayejua leo ni mwezi ngapi wa Kiislamu anaweza kuyafuata haya bila kitabu. Mwingine atatumia jedwali la maji la Kilindini linalochapishwa na Mamlaka ya Bandari. Lakini kuna faida moja ambayo wenyeji huitumia bila kuisema. Hapa kwetu bamvua lina saa zake, nazo hazigeuki mwaka mzima: maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano, asubuhi na usiku, na hujaa kabisa kati ya saa kumi na saa kumi na moja.

Sasa tazama yanavyorudi. Mabaharia hugawanya kimo cha maji mafungu 12. Saa ya kwanza baada ya kupwa huingia fungu 1, ya pili mafungu 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kwa hiyo nusu ya maji yote huingia katika saa mbili za katikati. Siku ya bamvua nusu hiyo ni mita moja na nusu, na mtoto wa miaka minane kimo chake ni kama mita moja na robo. Ikiwa maji yalipwa saa nne na nusu, saa hizo mbili za mbio huanza saa sita na nusu mchana, yaani karibu na adhana ya adhuhuri. Kwa mtoto wa Airport hii ni alama nzuri kuliko saa ya mkononi, maana misikiti ya Magongo na Port Reitz husikika mbali. Adhana isimkute bado yuko kwenye matope.

Na matope ya mkono wa bahari si kama mchanga wa Nyali au Likoni, ambako maji huja mbele yako ukiyaona. Penye mikoko maji hupanda kwanza kwenye vijito vilivyo nyuma yako, kimyakimya, na uwanda wa tope uliposimama hubaki mkavu. Ukija kugeuka, njia uliyoijia imekwisha kuwa mfereji. Kwa hiyo somo la siku ya kwanza lifanyike bila ndoana. Chomekeni kijiti ukingoni maji yakiwa yamepwa, kaeni juu, na mtoto akitazame mpaka kizame. Atachoka kwanza, kwa sababu saa ya kwanza karibu hakuna kinachotokea. Kisha ataona.

Siku ya pili aje na mshipi: mita 20 zinatosha, zimezungushwa kwenye chupa ya plastiki, ndoana ndogo, na plagi kuukuu ya pikipiki badala ya chubwi. Chambo ni kamba au kipande cha ngisi, kikatwe kidogo kiasi cha kuifunika ncha ya ndoana tu. Mtoto huukaza mshipi kama anayevuta ng'ombe. Aambiwe aulegeze ukalie kidole cha shahada. Samaki mdogo hudonoa mara mbili tatu ndipo avute. Anayenyakua kwenye mdonoo wa kwanza huibuka na ndoana tupu, na hilo litatokea mara nyingi bila mtu mzima kuingilia, maana kidole hakifundishwi kwa maneno. Akinasa tafi asimkamate mgongoni, kwa kuwa miba yake ina sumu. Fumi naye vilevile. Aliyechomwa atumbukizwe mkono au mguu kwenye maji ya moto kiasi anachoweza kuvumilia. Mkubwa ayapime kwanza kwa mkono wake, asije akamuunguza. Moto huo huivunja sumu na maumivu hupungua, kisha aende zahanati.

Bunju, yule anayejivimbisha kama mpira, arudishwe majini hata kama watoto wanamcheka. Sumu yake haiishi kwa kupikwa, na inaua.

Kaa wa koko ni somo la mwaka wa pili. Tundu lake limelala mshazari, na tope bichi lililosukumwa mlangoni huonyesha kwamba mwenyewe yumo. Anatolewa kwa mchokoo, kamwe si kwa mkono, na kumfunga magando ni kazi ya mkubwa. Viatu vya kufunika mguu ni lazima, kwa sababu chaza walioganda kwenye mizizi ya mikoko hukata kama wembe. Na fito ya mchokoo isikatwe hapohapo. Mikoko ya Kenya ni msitu wa serikali tangu 1932, na mtoto anayekata mlilana ili atengeneze mchokoo anabomoa nyumba ya kaa anayemtafuta.

Sheria nyingine ni fupi. Kabla ya mtoto kutia mguu majini, mzazi aende kwa viongozi wa BMU, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia pwani hiyo, awaambie anataka kumfundisha mwanawe. Huo ni uungwana kabla hujawa utaratibu: shikamoo wazee, huyu ni mwanangu, nataka ayajue maji. Mara nyingi utakuta mzee aliye tayari kukaa naye kuliko wewe mwenyewe. Juya la kukokota, nyavu za uzi wa plastiki, bunduki ya kuchomea samaki na sumu yoyote, hata utupa wa shambani, ni marufuku. Chandarua cha mbu pia, ingawa utaona watu wakikitumia mchana kweupe. Kinazoa vitoto vya samaki ambavyo mshipi wa mtoto ungevikuta mwakani vimekuwa vitoweo.

Wakati ufaao ni likizo ya Novemba na Desemba, kaskazi inapoanza. Aprili kuna masika na maji yanajaa tope la mito. Agosti kusi inavuma kwa nguvu. Wazazi wengi huchagua Agosti kwa sababu jua si kali. Wanakosea.

Limebaki jambo la kula. Mkono huu wa bahari umepakana na bandari na viwanda, na umepitia mengi. Mwaka 1988 mafuta mazito yalimwagika upande wa Makupa yakaua mikoko. Aprili 2005 meli ya mafuta Ratna Shalini ilivujisha mzigo wake bandarini, na mikoko ya Port Reitz ikapakwa weusi. Usafishaji wa mafuta ghafi Changamwe ulikoma 2013, na daraja jipya la Makupa la 2022 limeyapa maji pa kupita baada ya miongo mingi ya kuzibwa, kwa hiyo hali haijasimama palepale. Lakini chaza na kombe hula kwa kuchuja maji, wala hawahami. Kilichomo majini kinabaki mwilini mwao. Watoto wasiwale walio karibu na bandari au penye maji taka. Mkizi na tafi ni wapitaji, nao ndio wavuvi wa hapo huwapelekea watoto wao nyumbani.

Juma lijalo, mtumbwi: umri wa mtoto kuingia chomboni, na kwa nini boya la kujiokoa lililoshonwa kwa mtu mzima halimfai mtoto.