Jinsi ukoo wa Al Busaid ulivyojenga enzi yake Unguja

UKOO wa Al Busaid, ambao majumba yake bado yanaitazama bahari pale Forodhani, haukuanza na kiti cha enzi. Uliinuliwa na bandari, biashara na ushuru, na nguzo hizo ndizo zilizokuja kushikwa na wengine.

Mwasisi wake, Ahmad bin Said, alikuwa liwali wa mji wa Sohar, Oman. Katika miaka ya 1740, wakati ukoo wa Yaarubi uliokuwa ukitawala umegawanyika kwa fitina, majeshi ya Uajemi yaliivamia nchi hiyo. Ahmad aliyatimua, akachaguliwa kuwa imamu. Alirithi pia madai ya Oman juu ya mwambao wa Afrika Mashariki, ambako Wareno walikuwa wametolewa Mombasa mwaka 1698.

Si wote waliomtii. Wamazrui, maliwali wa Mombasa, waliukataa ukoo huo mpya, na ugomvi ukadumu hadi mwaka 1837, mjukuu wake, Seyyid Said bin Sultan, alipowashinda.

Said, aliyeshika madaraka mwaka 1806, ndiye aliyeufikisha ukoo kileleni. Aliiona Unguja kuwa na thamani kuliko Muscat: ina maji matamu, ardhi yenye rutuba na bandari salama. Alijenga kasri Mtoni, akahamishia makao yake Unguja na kuhimiza kilimo cha karafuu. Alifunga mikataba ya biashara na Marekani mwaka 1833, Uingereza mwaka 1839 na Ufaransa mwaka 1844. Ukusanyaji wa ushuru wa forodha alimkodisha Jairam Shivji, mfanyabiashara wa asili ya Kutch, India.

Lakini utajiri huo ulikuwa na gharama ya watu. Mashamba ya karafuu yalilimwa na watumwa waliotolewa bara, na wenyeji wengi walipoteza ardhi yenye rutuba. Mwinyi Mkuu, mtawala wa jadi wa Unguja mwenye makao Dunga, aliachiwa mamlaka yenye mipaka. Wa mwisho alifariki mwaka 1873, na cheo kikafa naye.

Said alifariki baharini mwaka 1856, na wanawe wakagombea urithi. Thuwain alibaki Muscat, Majid akashika Zanzibar. Mwaka 1861 Lord Canning, mwakilishi wa Uingereza nchini India, aliamua kuwa nchi hizo zitengane, na Zanzibar iilipe Muscat riale 40,000 kila mwaka.

Hapo ndipo palipokuwa na kitanzi. Aliyeitwa kusuluhisha ndugu alibaki kuwa mwamuzi wa mambo yao. Mwaka 1873 Sultani Barghash, chini ya shinikizo la Uingereza, alifunga soko la watumwa la Mkunazini. Mwaka 1890 Zanzibar ikawa chini ya himaya ya Uingereza, na masultani waliofuata walitawala kwa ridhaa yake.

Mapinduzi ya Januari 12, 1964 yaliuondoa ukoo huo Zanzibar, mwezi mmoja tu baada ya uhuru. Sultani wa mwisho, Jamshid bin Abdullah, alifariki Oman Desemba 2024. Huko Oman, tawi jingine la ukoo bado linatawala.