Kovu la Tumbo Huchukua Mwaka Kutulia

Mwaka 2023 Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, ilianza kufanya upasuaji wa urembo, ukiwamo wa kuondoa mafuta na ngozi iliyolegea tumboni. Mwanamke wa Musoma, Bunda au Butiama haoni tena sababu ya kwenda India. Anafanyiwa, anapumzika, anarudi nyumbani. Daktari wake hubaki Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka mkoa wa Mara, na utunzaji wa kovu humwangukia mgonjwa na watu wa nyumbani kwake.

Kovu lenyewe ni refu. Ngozi iliyolegea inapoondolewa, kisu hupita chini ya tumbo, mara nyingi kutoka nyonga moja hadi nyingine, na kitovu huweza kutobolewa tundu jipya. Kovu la mama aliyejifungua kwa upasuaji ni fupi zaidi, ila mengi yanayosemwa hapa yanamhusu na yeye.

Watu wengi huona uzi umetolewa, kidonda kimekauka, wakadhani wamepona. Ndipo wanapoumia. Wiki tatu baada ya kushonwa, ngozi huwa imerudisha takribani asilimia 20 tu ya nguvu zake. Miezi mitatu baadaye hufika karibu asilimia 80, na haivuki sana hapo maisha yote. Sasa ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji. Mwanamke anayejitwika ndoo hiyo kutoka kisimani katika wiki ya pili, au anayeinama siku nzima kuanika dagaa ufukweni, anauvuta mshono ambao bado ni dhaifu. Wiki sita za kwanza, ndoo, jembe na kuni vibebwe na wengine. Mume na wifi wayapange hayo kabla ya safari ya hospitali, kwa sababu mgonjwa akikuta mtungi mtupu ataamka mwenyewe.

Kukandwa maji ya moto nako kusubiri. Bibi anayemkanda mjukuu wake anafanya kwa upendo, lakini ngozi iliyopasuliwa huwa na ganzi kwa miezi kadhaa; inaweza kuungua bila mwenyewe kuhisi. Majivu, dawa ya meno na majani yaliyopondwa yasiguse kidonda kabisa. Maji safi, sabuni isiyo kali na kukausha vizuri vinatosha, hasa kwenye mkunjo wa tumbo ambako jasho hutuama.

Lipo jambo jingine linalowahusu zaidi watu weusi: keloidi, kovu linalovimba na kutambaa nje ya mstari wa kisu, likiwasha na kuuma. Vibandiko au jeli ya silikoni, vikianza kidonda kikishafunga na vikatumika kwa miezi mitatu au zaidi, husaidia kulituliza kovu. Keloidi ikishaota, daktari huweza kuichoma sindano ya dawa ya steroidi. Kuikata peke yake ni hatari: mara nyingi hurudi, pengine kubwa kuliko ya kwanza. Krimu za kung'arisha ngozi zinazouzwa kwa ahadi ya kufuta makovu ziachwe sokoni. Zenye zebaki au haidrokwinoni zimepigwa marufuku nchini, na kwa sababu nzuri.

Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kirahisi. Dalili za maambukizi za kuangalia ni joto, uvimbe, maumivu yanayozidi, usaha, harufu na homa. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikata, huenda damu imeganda, na safari ndefu ya basi huongeza hatari hiyo. Mwenye dalili hizi apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, iwe Bunda au hospitali ya rufaa ya mkoa iliyopo Kwangwa, Musoma, bila kusubiri miadi ya Dar es Salaam.

Na kabla ya yote, aliyewahi kuota keloidi alipotoboa masikio, alipochanjwa au alipojifungua kwa upasuaji, amwambie daktari kabla hajakubali kupasuliwa tumbo.