Je, Wajua? Mtoto Akigoma Kunyonya Hajaacha Ziwa

Mtoto wa miezi 8 aliyenyonya vizuri jana, leo anageuza uso, anajipinda mgongo na kulia akipakatwa tu. Majirani watasema amejiachisha ziwa. Si kweli: ni nadra mtoto wa chini ya mwaka 1 kuacha mwenyewe ghafla. Huo ni mgomo, na mara nyingi huisha ndani ya siku chache.

Chanzo huweza kuwa jino linalochomoza, mafua yaliyoziba pua, utando mweupe mdomoni, sikio linalouma, hata sabuni au manukato mapya ya mama. Wengine hugoma baada ya kung'ata chuchu na mama akapiga kelele, maskini, wameogopa.

Usimlazimishe, wala usimshindishe njaa. Kamua kila wakati ambao angenyonya, maziwa yasije yakapungua, umnyweshe kwa kikombe. Mpakate kifua kwa kifua, kisha jaribu tena anaposinzia, katika chumba chenye giza na utulivu. Wengi hushika ziwa wakiwa nusu usingizini.

Akikojoa kidogo kuliko kawaida, akiwa na homa au akikataa hata kikombe, mpeleke kliniki siku hiyohiyo.