Je, Wajua? Kazi ya Mshauri wa Biashara
Kampuni ya ushauri ya McKinsey ilianzishwa Chicago, Marekani, mwaka 1926 na James O. McKinsey, profesa wa uhasibu. Katika kampuni za aina hii, washauri hupangwa katika vikundi vidogo, na kila mradi huchukua wiki au miezi kadhaa. Kwa desturi ya miaka mingi, mshauri husafiri Jumatatu hadi kwa mteja na kurejea Alhamisi. Huko huhoji wafanyakazi, huchambua hesabu na kuandaa slaidi, mara nyingi hadi usiku. Asiyepandishwa cheo katika muda uliowekwa hutakiwa kuondoka. Ndiyo maana wengi hudumu miaka michache tu, kisha huajiriwa na kampuni nyingine, zikiwemo zile walizozishauri.