Kipande Kinachoning'inia Garini na Haki ya Aliye Nyuma Yetu

Kila ifikapo Disemba, wenyeji wengi wa Rombo waishio Dar es Salaam, Arusha na kwingineko hupanda mlima kuja kuwaona wazee wao. Baadhi yao, hususan vijana, huja na magari ya spoti. Toyota Altezza, lililotengenezwa kuanzia 1998 hadi 2005, ni mfano mmojawapo: tumbo lake liko chini ya sentimeta 15 kutoka ardhini. Lami itokayo Himo kupitia Marangu na Mkuu hadi Tarakea hulipokea vyema. Lakini likishaiacha lami na kuingia njia za vihambani, zenye mawe na mifereji iliyochimbwa na mvua, sketi zake, yaani kingo za plastiki zilizo chini ya milango, hukwaruzwa, hulegea, na hatimaye huning'inia.

Wengi wetu hulihesabu jambo hili kuwa la urembo, likafungwa kwa waya na safari ikaendelea. Inafaa tulitazame upya. Kipande kirefu kikichomoka mteremkoni humwangukia aliye nyuma, naye huenda ni kijana wa bodaboda aliyempakia mama na mwanawe. Kikipinda kuelekea gurudumu, husugua tairi hadi kulichana. Njia ni ya watu wote, na kuwaondolea wenzetu adha njiani ni jambo tulilofunzwa tangu utotoni; sembuse adha tuliyoibeba sisi wenyewe?

Kabla ya kutafuta gundi, tuulize kwanza kipande kilishikiliwa na nini, na kwa nini kimeachia. Kwa kawaida vipande vya nje hushikwa kwa njia tatu: pini za plastiki zinazoingia kwenye matundu ya bodi, skrubu chache za pembeni au chini, na tepu ya povu yenye gundi pande mbili. Mara nyingi njia hizo hutumika kwa pamoja. Sababu za kulegea nazo zinajulikana: jiwe, tuta lililovukwa kwa kasi, au bomba la maji ya nguvu lililosogezwa karibu mno na ukingo wakati wa kuosha gari. Ipo pia sababu isiyotajwa sana, nayo ni jeki. Anayeziba pancha akiiweka jeki chini ya sketi badala ya sehemu ya chuma iliyotengwa kwa kazi hiyo, uzito wa gari huzivunja pini zote kwa mara moja. Basi tumwoneshe mahali pa kuiweka kabla hajainua gari.

Pini iliyovunjika haiponi kwa gundi, hubadilishwa. Tuichukue ya zamani tuende nayo dukani ili tupate iliyo sawa nayo. Kutoboa bodi na kupigilia skrubu mpya ni tiba yenye madhara, kwani rangi ikishatobolewa maji hupenya na kutu huanza kula chuma kwa ndani. Hali kadhalika supa gluu: hukauka ikawa ngumu kama kioo, ilhali plastiki hutanuka kwa joto mara kadhaa kuliko chuma. Gari linalolala kwenye baridi ya Mkuu na kushinda juani Moshi mjini huichezesha plastiki hiyo kila siku, na gundi isiyonyumbulika hupasuka. Tepu ya povu hunyumbulika pamoja nayo, na ndiyo maana viwanda huitumia.

Kazi ya tepu ni nyepesi, ila inataka utulivu. Tepu ya zamani hukatwa kwa uzi wa kuvulia samaki, ukivutwa huku na huku, wala si kwa bisibisi inayochubua rangi. Mabaki husuguliwa yakaisha. Sehemu zote mbili huoshwa kwa maji na sabuni, zikakaushwa, kisha zikafutwa kwa spiriti isiyo na mafuta, kwa kuwa nta na vumbi ndivyo maadui wakubwa wa tepu. Joto nalo lina nafasi yake: tepu hizi hushika vizuri kati ya nyuzi 21 na 38 za Selsiasi, na chini ya nyuzi 10 hushika kwa shida. Asubuhi za Julai huku kwetu zinaweza kuiharibu kazi. Basi tungoje jua la mchana, au tupashe bodi kwa draya ya nywele hadi iwe vuguvugu mkononi. Kisha kipande hubandikwa na kukandamizwa kwa nguvu kuanzia mwanzo hadi mwisho, na skrubu zake za asili hurudishwa.

Baada ya hapo ni subira. Kwa kawaida tepu hufikia nguvu yake kamili baada ya saa 72. Katika siku hizo tatu gari lisioshwe, wala lisipelekwe njia za mawe. Hapa ndipo wenye magari tunapowaonea mafundi. Tunamsimamia fundi tukimtaka amalize ndani ya nusu saa kwa sababu tunawahi arusi, kisha kipande kikianguka Himo tunamwita tapeli. Mwenye haraka asimlaumu aliyeharakishwa.

Neno la mwisho ni kwa wanaouza magari. Sketi iliyofungwa kwa waya, ikazibwa kwa pute na kupakwa rangi, ni aibu ya bidhaa kama aibu nyingine, na mnunuzi ana haki ya kuambiwa kabla hajatoa fedha yake. Kuitaja huenda kukapunguza bei kidogo. Kuificha huondoa baraka ya fedha yote. Wabillahi tawfiq.